Uzi: Kurasa za kutafakari mwisho wa mwaka, dizaini grafiki (L'shi, yaani Lubumbashi). Unaonyeshaje kwamba umekua?

MaketiSafi

Wakubwa kwa wadogo, salaam. Msimu wa juri (jopo la walimu linalokagua kazi) unakaribia, na wanafunzi wengi wanatakiwa kuleta portofolio pamoja na kurasa mbili tatu za kutafakari walivyokua tangu L1 (mwaka wa kwanza; L2 na L3 ni ya pili na ya tatu). Kurasa hizo ndizo zinazoandikwa usiku wa mwisho. Zinafanana zote: "nimejifunza mengi, nimezoea programu, ubunifu wangu umeongezeka." Juri haina swali la kuuliza juu ya sentensi kama hiyo, na bila swali mwanafunzi hapati pa kujitetea.

Njia ninayopendekeza ni hii. Chukua kazi moja ya L1, ile uliyojivunia wakati ule, si ile mbovu kuliko zote. Tafuta maagizo yake. Faili la zamani usilifungue kabisa. Fanya kazi hiyo upya kwa maandishi yale yale, kipimo kile kile na muda ule ule uliopewa mwanzo. Ukijiongezea siku utakuwa unapima subira yako tu. Ukimaliza, chapisha zote mbili kwenye A4, nyeusi na nyeupe, kwa sekretaria (duka la kuchapisha na kunakili) yoyote yenye mashine ya leza. Bandika ukutani, rudi nyuma mita tatu.

Kwa nini nyeusi na nyeupe? Kwa sababu rangi inaficha makosa ya uzito, yaani kitu kinavyoonekana cheusi au cheupe kulingana na kilicho nyuma yake. Tuseme kichwa cha habari ni chekundu juu ya kijani cha wastani. Kwenye skrini kinawaka, kila mtu anakiona. Kwenye kijivu kinazama, maana nyekundu ile na kijani kile vina mwanga karibu sawa, na kilichovitenganisha ni rangi peke yake. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani (wapo, na wengi wao ni wanaume) anaiona afishi (bango la karatasi) yako hivyo hivyo hata ikiwa na rangi.

Halafu shika rula. Iweke wima kwenye chapa ya zamani na upitie kila mahali mstari wa maandishi unapoanzia. Kuna kingo ngapi za kushoto? Afishi ya A3 yenye kichwa, tarehe, mahali, bei na nembo za wafadhili inajitosheleza kwa kingo mbili, ikizidi sana tatu. Kazi za L1 huwa na sita, saba, kwa sababu kila kitu kiliwekwa katikati ya nafasi iliyobaki. Hesabu na saizi za herufi. Hesabu na fonti. Pima umbali wa chini kabisa kati ya maandishi na ukingo wa karatasi.

Hizo nambari ndizo zinazoingia kwenye kurasa zako. Badala ya "nimeboresha matumizi ya rangi", andika: "Kichwa kilikuwa chekundu juu ya kijani, kwa kijivu kilipotea. Sasa ni manjano hafifu juu ya kijani kizito, na kwa kijivu bado kinasomeka kutoka mita tano. Kingo zimeshuka kutoka saba hadi mbili, fonti kutoka nne hadi moja yenye unene wa aina mbili." Hapo mwalimu ana cha kuuliza: kwa nini mbili na si tatu? Na wewe una jibu.

L2_Katuba

Yaya, na kama faili la L1 halipo tena? Wengi wetu tumebaki na picha ya WhatsApp tu.

MaketiSafi

Inatosha. Kingo, saizi na uzito vinaonekana hata kwenye picha iliyobanwa. Usijaribu kuikuza hadi A3, utaona mraba mraba tu; ichapishe kwa upana wa sentimita 10, na ile mpya pia kwa sentimita 10, zilingane.

Dada_Nafasi

Niongezee hapo kwenye mafaili, maana ndipo ushahidi wa ukuaji unapopotelea. Mtu ana "afishi mwisho", "afishi mwisho kabisa" na "afishi MWISHO 2 nzuri". Baada ya mwaka hajui ipi ilikwenda imprimeri (kiwanda cha kuchapa).

Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14_afishi-tamasha_v03. Kompyuta itayapanga yenyewe. Huhitaji kuhifadhi kila toleo. Hifadhi la kwanza, lile lililokosolewa darasani, na lililochapishwa, kila moja na PDF yake. PDF ndiyo utakayoweza kuifungua hata programu ikibadilika au fonti ikipotea.

Kuhusu fonti: kabla ya kupeleka kazi kuchapwa, geuza maandishi kuwa vekta (maumbo badala ya herufi). Mashine ya sekretaria isipokuwa na fonti yako, itaweka nyingine bila kukuomba ruhusa. Mistari inarefuka, neno la mwisho linashukia chini, tarehe inafunikwa na nembo. Lakini ugeuzaji huo ufanyie kwenye nakala. Ukiugeuza kwenye faili lenyewe, kesho mteja akibadilisha saa ya kuanza utaandika upya herufi kwa herufi.

Virusi vya flashi navyo vina dawa rahisi. Uwe na flashi moja ya kupelekea kazi tu, ndani yake PDF na si kingine. Ikirudi nyumbani, ifute yote kabla ya kunakili chochote. Ukiona folda zimegeuka njia za mkato, usizibonyeze: mafaili yako kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu. Washa uonyeshaji wa vitu vilivyofichwa, chukua PDF zako, kisha futa flashi.

Na kwa wale wanaolalamika laptopu inakwama: A3 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 ni pikseli 3508 kwa 4961. Kwa RVB (rangi za skrini: nyekundu, kijani, bluu) hiyo ni karibu MB 50 kwa kila tabaka lililojaa. Ukiwa na matabaka ishirini na RAM ya GB 4, kosa si la laptopu. Maandishi na maumbo yafanyie Inkscape au programu nyingine ya vekta, picha pekee ndiyo ibaki pikseli.

Bashi3x2

Mimi naona mnapima ukuaji darasani, wakati unaonekana imprimeri. Mwanafunzi aliyekua ni yule ambaye opereta hampigii simu.

Chukua bashi (bango la turubai) ya mita 3 kwa 2. Mwanafunzi wa L1 anaiandaa kwa dpi 300, faili linakuwa zito, mashine inagoma, anaanza kulaumu mashine. Bashi inatazamwa kwa mbali, dpi 100 inatosha: pikseli 11811 kwa 7874. Hata 72 inapita ikiwa itatundikwa juu. Na kama ni vekta, iandae kwa kipimo cha moja ya kumi, sentimita 30 kwa 20, umwambie opereta akuze mara kumi. Mwambie kwa maandishi, juu ya faili lenyewe.

Ukingo wa sentimita 5 pande zote usiwe na herufi wala nembo. Pale panakunjwa, panashonwa au kugandishwa, na panatobolewa matundu ya kamba, kwa kawaida kila nusu mita. Namba ya simu iliyotobolewa katikati ya tarakimu ni kitu cha kawaida sana mjini humu, angalieni tu mnapopita.

Ukubwa wa herufi: ili isomeke bila kukaza macho, kadiria sentimita 2.5 za urefu wa herufi kubwa kwa kila mita 3. Bashi ya kando ya barabara ya Kasapa inayosomwa kutoka ng'ambo, mita 15, inataka herufi za sentimita 12.5. Kwenye programu hiyo ni karibu pointi 500, kwa sababu herufi kubwa huchukua kama asilimia 70 tu ya saizi ya fonti. Wengi wanaandika pointi 350, ambazo ni milimita 123, wakidhani wamepata sentimita 12. Wanapata pungufu ya 9.

Vumbi pia lihesabuni. Kiangazi chetu ni Mei hadi Septemba au Oktoba, na bashi nyeupe kando ya barabara ya udongo inageuka rangi ya udongo. Maandishi ya chungwa au kahawia hafifu juu ya nyeupe yanakufa kabla ya tukio lenyewe. Jua nalo linakula nyekundu na manjano kwanza. Ndiyo maana matangazo ya zamani yanabaki ya bluu bluu. Kinachopaswa kudumu, kama namba ya simu, kiandikeni kwa nyeusi au bluu nzito.

Kamalondo_Typo

Vié Bashi amesema ya mabango, mimi niseme ya karatasi, maana stajieri (wanafunzi wanaojifunza kazini) wengi wanaanguka kwenye dépliant, kipeperushi cha kukunjwa.

A4 inayokunjwa mara mbili: mwanafunzi anagawa 297 kwa tatu, anapata 99, 99, 99. Inakunjwa, upande wa ndani unagonga mkunjo na kupinda. Upande unaoingia ndani uwe mfupi: 100, 100, 97. Na kumbuka kwamba kwa nyuma mpangilio unageuka, 97 inahamia upande mwingine. Chapisha moja kwenye karatasi ya kawaida, ikunje kwa mkono, ndipo upeleke.

Rangi inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 nje kila upande. A5 ya 148 kwa 210 inakuwa 154 kwa 216. Bila hiyo, kisu kikihama kidogo unabaki na uzi mweupe pembeni.

Maandishi madogo meusi yawe nyeusi peke yake, asilimia 100, rangi nyingine tatu sifuri. Ukiacha nyeusi ya rangi nne iliyotoka kwenye RVB, sahani zikihama hata kidogo tu herufi inapata kivuli cha waridi na samawati, na mtu anahisi kizunguzungu akisoma. Nyeusi ya rangi nne ina mahali pake, kwenye eneo kubwa, kwa mfano samawati 60, majenta 40, manjano 40, nyeusi 100. Lakini usiweke herufi nyembamba nyeupe juu yake, wino utazijaza.

Bluu: ile ya RVB 0, 0, 255 haipo kwenye wino. Ikigeuzwa inakuwa zambarau iliyochoka. Ukitaka bluu ibaki bluu, majenta iwe pungufu ya samawati kwa angalau 30: samawati 100 na majenta 65, mfano. Kwa wanaofanya kazi Inkscape, faili lipitishe Scribus ili uweke thamani za CMJN (rangi nne za wino) mwenyewe badala ya kuiachia mashine ikubahatishie.

Mkinisikiliza: kwenye kurasa za kutafakari andika ni makosa gani kati ya haya ulikuwa unaambiwa na opereta, na ni yapi sasa unayaona wewe kabla hajayaona yeye. Sioni kipimo kingine kilicho wazi kama hicho.

Yaya_Penseli

Nakubali nusu. Mtu anaweza kujua dépliant ya 100, 100, 97 na bado akatoa kazi isiyosema kitu. Hiyo ni ufundi wa kuandaa faili, watu wanauzoea haraka stajini. Kinachochelewa ni kuamua.

Kwa hiyo jaribio langu ni la penseli. Kabla ya kuwasha kompyuta, chora visanduku ishirini vya sentimita 5 kwa 7 (uwiano huo unakaribia ule wa A4 na A3), na ndani ya kila kimoja wazo tofauti la mpangilio, dakika tatu kila kimoja. Herufi zisiandikwe, chora mikanda: mnene kwa kichwa, mwembamba kwa maelezo. Visanduku vya mwanzo vitakuwa vile vile vya kila mtu, picha juu na maandishi chini. Karibu na cha nane mkono unakwama. Usiache hapo. Badilisha kitu kimoja tu: geuza kichwa wima, au ondoa picha, au tarehe iwe kubwa kuliko vyote.

Umeme ukikatwa kazi hii haisimami, na hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Weka tarehe kwenye kila karatasi. Mwisho wa mwaka, tandika kroki (michoro hiyo ya haraka) za mwezi wa kwanza na za mwezi wa mwisho kwenye meza moja. Angalia ni kisanduku cha ngapi ulichokichagua kuendeleza. Anayeanza huchagua cha kwanza au cha pili. Kikianza kuwa cha kumi na moja, cha kumi na nne, hilo liandike.

L2_Katuba

Na Canva, ile programu yenye violezo tayari? Kuna walimu wanasema kazi ya Canva isiingie portofolio hata moja.

Yaya_Penseli

Juri haioni programu, inaona maamuzi. Ila kiolezo kilichobadilishwa maneno tu kinajulikana mara moja. Jipime hivi: chukua afishi yako ya A3 wima, ijenge upya kwenye ukurasa mtupu wa mraba wa pikseli 1080 kwa 1080, kisha kwenye bashi ya mita 3 kwa 1. Kama unajua kwa nini kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa, utajua kinahamia wapi. Kama ulikikuta kwenye kiolezo, utabana na kunyoosha hadi herufi zinenepe.

Kamalondo_Typo

Na wengi watakuja kuiona hiyo afishi kwenye simu kabla ya ukutani. A3 yenye upana wa milimita 297 inabanwa kwenye skrini ya milimita 65 hivi. Herufi ya pointi 24 inakuwa pointi 5. Tarehe na mahali visishuke chini ya pointi 40 kwenye A3, vinginevyo watu watakuuliza "ni lini?" chini ya picha yenye tarehe. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe nayo yana mpaka: #767676 ndiyo ya mwisho inayofikia uwiano wa mwanga wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida ya skrini.

Dada_Nafasi

Kuna jambo halijaguswa, nalo ni letu kabisa: kazi za lugha mbili. Mjini hapa afishi nyingi zina Kifaransa na Kiswahili, na programu imewekwa kwa Kifaransa. Inaongeza nafasi kabla ya nukta mbili na alama ya mshangao, hata kwenye mstari wa Kiswahili usiohitaji. Inakata maneno kwa kanuni za Kifaransa, unakuta "ina-mwe-" mwisho wa mstari. Zima ukataji wa maneno kwenye aya za Kiswahili, na panga maandishi kushoto bila kuyalazimisha kunyooka kulia; maneno yetu ni marefu, ukinyoosha pande zote mbili unapata mashimo katikati. Kwenye "ng'" hakikisha kialama kinapinda upande sahihi na hakikuachwa peke yake mwanzo wa mstari.

Fonti za bure nazo zijaribu kwa kuandika ÉÈÇŒ kwanza. Nyingi hazina herufi hizo, na programu inaazima kutoka fonti nyingine. Neno "ÉCOLE" lenye É ya familia tofauti linaonekana hata kwa asiyejua dizaini.

Na ukosoaji. "Nzuri sana, bravo" haikusaidii. Mwonyeshe mtu afishi kwa sekunde tano, ifiche, muulize: ni nini, wapi, lini? Mtu huyo asiwe wa promosyo (darasa) yenu. Mama anayeuza soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) atakupa jibu la kweli kuliko rafiki yako wa L3, kwa sababu hajali fonti yako, anataka kujua kama ni Jumamosi au Jumapili. Andika alichosema kama alivyosema, na ulichobadilisha baadaye. Mistari mitatu ya namna hiyo inajaza nusu ukurasa wa tafakari bila kupamba.

Bashi3x2

Swali kwa Yaya. Kwenye tafakari wanaulizwa pia "mtindo wako binafsi". Mtu wa miaka 21 atajibu nini?

Yaya_Penseli

Asijibu kwa maneno makubwa. Mji huu una mfano mzuri. Kwenye atelie ya Le Hangar ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanza 1946, walikuwamo wachoraji Bela, Pilipili Mulongoya na Mwenze Kibwanga. Mahali pamoja, mwalimu mmoja, na hakuwalazimisha kunakili picha za Ulaya. Bela alipaka kwa ncha za vidole, Mwenze kwa vistari vifupi vilivyobanana, Pilipili akajaza mandhari kwa alama ndogo ndogo zilizorudiwa. Huwachanganyi. Tofauti yao ilianzia kwenye namna ya kugusa karatasi, ikarudiwa hadi ikawa yao.

Basi mwanafunzi atandaze kazi zake zote za mwaka, atafute kinachojirudia bila kuagizwa: kichwa kushoto chini kila mara, rangi mbili tu, picha iliyokatwa nusu. Akitaje, aseme anakiendeleza au anakiacha. Na alipoazima kwenye Pinterest au Behance aseme ameazima nini hasa: gridi, rangi, au wazo zima. Juri nao wana intaneti.

L2_Katuba

Mwisho kwangu: portofolio iwe na kazi ngapi, na za kikundi zinaingia?

MaketiSafi

Kati ya 8 na 12. Kila moja na maagizo yake kwa sentensi mbili, kroki, toleo lililokataliwa na sababu ya kukataliwa, kisha la mwisho. Maelezo yasizidi maneno 80 kwa kazi. A4 ya kulala, picha kwa dpi 150, faili zima chini ya MB 10. Mega zina bei, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokima (document), si kama picha.

Kazi zilizochapwa zipige picha karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, karatasi nyeupe upande wenye kivuli irudishe mwanga. Simama mbali kidogo na kuza mara mbili. Ukisogea karibu sana pembe za afishi zinapanuka.

Za kikundi zinaingia, ila andika sehemu yako chini ya kila moja: "fonti na upangaji wa kurasa ni kazi yangu, picha na vielelezo ni vya wenzangu." Na wenzako nao waandike hivyo hivyo kwenye zao. Juri wakikuta portofolio tatu zinadai nembo moja, watawaita wote watatu pamoja.